Rubani Mwanafunzi na Watu wa Njiani

Rubani ni mtu aongozaye ndege. Hakuzaliwa akijua kazi hiyo. Ilimpasa kufundishwa, kama seremala alivyofundishwa kushika randa. Mwanzoni anapaa pamoja na mwalimu wake. Wanazunguka juu ya kiwanja kilekile, wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka, mpaka mikono na miguu ya mwanafunzi izoee. Halafu siku moja mwalimu anatoka ndani ya ndege na kumwambia: «Haya, nenda peke yako.» Mwanafunzi haisahau siku ile maisha yake yote.

Lakini kuzunguka juu ya kiwanja si kusafiri. Mtoto ajuaye kupiga kasia karibu na kijiji chake hajaweza bado kuvuka ziwa. Kwa hiyo mwanafunzi hutumwa mbali, kwenye viwanja asivyovijua. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria ya leo yamtaka, kabla hajapewa cheti, asafiri peke yake walau mara moja mwendo wa kilometa 270, na katika safari hiyo atue penye viwanja viwili visivyo kile alikotoka.

Safari hiyo si ngumu kwa mikono, ni ngumu kwa akili. Angani hakuna njia, wala kibao, wala mtu wa kuulizwa. Rubani ana ramani, dira na saa. Ramani humwonyesha mito, reli na miji atakayoiona chini. Dira, yaani sindano ile ielekeayo kaskazini, humwonyesha upande wa kwenda. Saa humwambia amefika mbali gani. Kama ndege yaenda kilometa 120 kwa saa, basi baada ya nusu saa sharti auone mji ulio kilometa 60 mbele. Asipouona, kuna neno.

Na neno lenyewe, mara nyingi, ni upepo. Mtu avukaye mto wenye nguvu akielekeza mtumbwi wake sawasawa kwenye mti wa ng'ambo, hafiki penye mti ule, maji yamshusha. Yampasa kuelekeza pua ya mtumbwi juu zaidi, upande yatokako maji. Upepo kwa ndege ni kama maji kwa mtumbwi. Upepo wa kilometa 30 kwa saa ukivuma ubavuni, rubani asiyeuhesabu atakuwa kilometa 30 nje ya njia yake baada ya saa moja. Naye hatasikia kitu, maana ndege yote yachukuliwa pamoja na hewa iliyomo. Mashini yalia vizuri, jua lang'aa, kumbe amekwisha potea.

Leo rubani aliyepotea ana redio ya kuwauliza walio chini, tena vyombo vinavyosikiliza satelaiti na kumwonyesha mahali alipo. Miaka mia iliyopita ndege ndogo hazikuwa na vitu hivyo. Rubani aliyepotea alitafuta malisho yaliyo sawa, akashuka, akangoja watu waje, akawauliza: «Hapa ni wapi?» Ndivyo alivyojifunza kusafiri kijana mmoja wa Marekani, Charles Lindbergh. Baadaye jina lake lilipata sifa kubwa, tena lawama kubwa kwa ajili ya maneno yake ya mwaka 1941 juu ya vita na juu ya Wayahudi. Hadithi hii ni ya siku zake za kujifunza tu.

Lindbergh alizaliwa mwaka 1902, akakua Little Falls katika jimbo la Minnesota, kando ya mto Mississippi. Mwezi wa Aprili 1922 alikwenda mji wa Lincoln, Nebraska, kujifunza urubani. Alifundishwa saa nane hivi. Lakini alipokaribia kuruka peke yake, mwenye ndege alidai kwanza fedha za rehani, kama kijana akiivunja. Kijana hakuwa nazo. Basi akawafuata marubani waliozunguka mji kwa mji wakionyesha michezo ya ndege. Aliwasaidia kazi, akasimama juu ya bawa la ndege angani, akaruka kwa mwavuli. Mambo hayo yote ya hatari aliyafanya, na bado hajapata kuongoza ndege peke yake hata mara moja!

Mwaka 1923 akapata dola 500, akanunua ndege yake mwenyewe huko Americus, katika jimbo la Georgia, mahali ambapo jeshi lilifundisha marubani wakati wa vita vya 1914–1918. Ilikuwa ndege ya aina iliyoitwa Jenny. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine, ya miti na kitambaa. Viti vyake viwili vilikuwa wazi, abiria mbele, rubani nyuma, na upepo wote usoni. Mwendo wake haukuzidi sana kilometa 120 kwa saa. Siku zile Marekani haikuwa na sheria ya kumwuliza mtu cheti cha urubani. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1926. Aliyelipa alipewa ndege yake, na kazi ya kurudi nyumbani salama ni yake.

Kijana akajaribu. Akaikimbiza ndege juu ya majani, ikainuka kama mita moja, mara bawa moja likainama. Akaishusha upesi, ikagonga chini kwa gurudumu moja. Haikuvunjika. Lakini watu waliona.

Mmoja wa walioona ni rubani kijana aliyekuwa pale akingoja ndege yake. Hakumcheka. Alimwendea, akamwambia kwamba mikono yake imesahau tu kwa kukaa muda mrefu, akaingia naye katika ndege. Wakapaa na kutua pamoja mara kadhaa. Kisha akampa shauri: angoje mpaka jioni. Shauri lile ni la hekima, na sababu yake yaeleweka. Mchana jua huchoma udongo, hewa iliyo juu yake hupata moto na kupanda, nayo huirusharusha ndege kama jani. Jioni udongo hupoa na hewa hutulia. Saa kumi na moja hivi Lindbergh alipaa peke yake, akapanda zaidi ya mita 1,000, akatua vizuri. Wanaume wale wawili hawakujuana kabla ya siku ile. Kama yule mgeni angalikaa kivulini akitazama tu, pengine dola 500 zingalivunjika vipande vipande siku ya kwanza, na mwenyewe pamoja nazo.

Akakaa siku chache akizoea, kisha akaanza safari ya kwenda Texas. Kwa nini Texas? Kwa sababu karibu kila rubani aliyekutana naye alikuwa amekwisha ruka huko, naye hakutaka kuwa tofauti. Si sababu nzuri sana, lakini vijana wengi husafiri kwa sababu za namna hiyo. Akapita Montgomery katika jimbo la Alabama, akafika Meridian katika jimbo la Mississippi. Huko akapata abiria wake wa kwanza wa kulipa. Alikuwa mtu mnene kupita kiasi. Ndege ilipanda kwa shida, nusura isipite juu ya vizuizi vya mwisho wa kiwanja. Siku ile rubani alijifunza kumtazama abiria kabla ya kupokea fedha.

Kutoka Meridian njia yake ilielekea magharibi. Akapaa. Akakutana na mvua, akazungukazunguka kuikwepa, na mwishoni hakujua tena alipo. Mafuta yakapungua. Yampasa kushuka.

Rubani atafutaye mahali pa kushuka hutazama mambo mengi kwa mara moja. Shamba lililolimwa ni baya, maana magurudumu huzama. Malisho ni mema, kama majani si marefu. Hutazama moshi wa majiko, apate kujua upepo watoka wapi, kwa sababu ndege hutua ikiukabili upepo ili ipunguze mbio zake. Lakini lililofichwa na majani halionekani kutoka juu. Lindbergh alichagua malisho, akatua, ndege ikakimbia vizuri, na mara magurudumu yakatumbukia katika mfereji. Pua ikapiga chini, mkia ukainuka juu, kisha ukarudi. Yeye hakuumia. Lakini propela ilivunjika, yaani ubao ule uliochongwa kama makasia mawili, uzungukao mbele na kuivuta ndege. Propela ikivunjika, ndege si ndege tena. Ni kibanda cha kitambaa katikati ya majani.

Watu wakaja mbio kutoka pande zote. Lindbergh akawauliza hapo ni wapi. Wakamwambia ni kati ya Maben na Mathiston, ndani ya Mississippi bado. Akatazama ramani. Badala ya kwenda magharibi, alikuwa amekwenda kaskazini!

Fikirini hali yake. Ni mgeni, hana ndugu, ndege imevunjika, na fedha nyingi zimekwisha ingia katika ndege hiyo. Akaenda Maben, akapeleka telegramu Americus wamletee propela nyingine, akangoja. Propela ilipofika aliifunga mbele ya watu waliokuja kutazama, akairusha ndege kuijaribu, nao walipoona kwamba yapaa, wakataka kupaa pia. Kila mtu alilipa dola 5 kwa mzunguko mfupi. Wengi walikuwa hawajapata kuona ndege kwa karibu. Hivyo malisho yaliyomvunjia propela yakamlipia propela, tena yakabaki mafuta ya njiani.

Katika siku zile za Mississippi alikuja mama mzee mmoja, mtu mweusi, wa kizazi cha wale Waafrika waliochukuliwa utumwani zamani. Akamwuliza rubani atamtoza fedha ngapi ampandishe mpaka mbinguni, kisha amwache hukohuko. Lindbergh aliliandika swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1927 kama jambo la kuchekesha. Labda mama alitania. Lakini mwaka 1923 watu weusi wa Mississippi walionewa sana, na kwa sheria zenyewe: shule zao mbali, viti vyao mbali, kura zao zimezuiwa. Mtu aliyezeeka katika maisha hayo anaweza kuuliza bei ya mbinguni bila kucheka. Dola 5 zilinunua dakika chache juu ya mashamba, na baada yake ndege ilimrudisha kila mtu palepale alipotoka.

Kutoka Maben akaenda magharibi, safari hii kweli magharibi, akauvuka mto Mississippi na kuingia jimbo la Arkansas. Jioni akatua karibu na mji wa Lake Village, kando ya ziwa Chicot. Ziwa hili lina umbo la mwezi mwandamo. Zamani lilikuwa pindo la mto wenyewe. Mto ukakata njia fupi, ukaliacha pindo lake nyuma na maji yake ndani. Pale palikuwa na nyumba moja ya watu wa mji ya kupumzikia, na mwangalizi wake akamkaribisha mgeni.

Usiku mwezi ukatoka, mweupe sana. Lindbergh alitaka kumlipa mwenyeji wema wake, naye hakuwa na kitu cha kumpa ila ndege. Akamwuliza kama angependa kupaa. Mwangalizi akakubali. Rubani hajapata kuruka usiku hata mara moja! Ndege haikuwa na taa, wala kiwanja hakikuwa na taa. Shida ya usiku si kupaa, ni kurudi: rubani asipoona udongo vizuri, hajui kama amebakiza mita kumi au mita moja. Lakini mwezi ule uliangaza majani, na ziwa liling'aa kama sahani ya fedha, likawaonyesha mahali pa kurudi. Wakazunguka juu ya maji, wakatua salama. Mwalimu mwema asingalimruhusu. Hata hivyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya usiku, naye mtu aliyekaa kiti cha mbele alikuwa mwangalizi wa nyumba ambaye asubuhi ya siku ile hakumjua.

Akafika Texas, akapita Oklahoma na Kansas, akarudi upande wa kwao. Mwanzoni mwa mwaka 1924 alikuwa tena safarini, na safari hii yeye ndiye mwalimu. Mwanafunzi wake aliitwa Leon Klink, mfanya biashara ya magari wa St. Louis. Klink alikuwa amenunua ndege na kutaka kujifunza kuiongoza, nao wakakubaliana kujifunza njiani, wakielekea California.

Katika Texas wakafuata reli. Reli ni rafiki wa rubani, maana haipotei. Lakini zikiwa reli mbili, ni lazima kuichagua iliyo yako. Wao wakafuata ile nyingine, mafuta yakakaribia kwisha, wakashuka karibu na kijiji kiitwacho Camp Wood. Mahali pale palikuwa padogo, ndege haikuweza kupaa ikiwa na watu wawili. Wakaona heri kuondokea katika barabara ya kijiji. Kulikuwa na taabu moja tu. Kando ya barabara zilisimama nguzo za simu, na nafasi kati ya nguzo mbili ilizidi upana wa mabawa kwa kidogo sana, yapata sentimeta 30 kila upande.

Mabawa ya ndege ile yalikuwa na upana wa mita 13 na zaidi. Lindbergh alijaribu kupita. Gurudumu likapita juu ya shimo dogo la barabara, ndege ikayumba, ncha ya bawa ikagusa nguzo. Ndege ikageuka, na pua yake ikaingia ukutani mwa duka la vyombo vya chuma. Masufuria na sahani zikaanguka kwa kishindo. Mwenye duka akatoka mbio, akidhani nchi yatetemeka.

Hakuna mtu aliyeumia. Lindbergh akataka kulipa ukuta. Na mwenye duka, badala ya kukasirika, akakataa fedha, akisema kwamba sifa ya kuingiliwa na ndege itamletea wanunuzi kupita hasara yake. Alikuwa mtu wa biashara kwelikweli! Propela nyingine na vitu vya kutengenezea bawa vikaletwa kutoka Houston, wakaitengeneza ndege, wakaendelea.

Mwezi wa Machi 1924 Lindbergh aliingia shule ya marubani wa jeshi huko San Antonio, Texas. Hapo ndipo alipofundishwa kwa utaratibu: mahesabu ya upepo, ramani, hali ya hewa, mashini. Akamaliza mwaka 1925, wa kwanza katika darasa lake. Halafu akachukua barua kwa ndege kati ya St. Louis na Chicago.

Tarehe 20 Mei 1927, asubuhi, aliondoka New York peke yake kwenda Paris, kuvuka bahari yote bila kutua. Hapakuwa na reli, wala moshi wa majiko, wala malisho. Alipita usiku mzima bila kulala. Baada ya saa 27 hivi aliona mashua za wavuvi juu ya maji. Akashuka karibu nazo, akazizunguka, akapunguza sauti ya mashini, akapiga kelele kuwauliza Irlandi iko upande gani. Kichwa cha mtu kilionekana dirishani mwa mashua moja. Hakujibu. Labda sauti haikumfika, au aliogopa, maana si kila siku mtu anaulizwa njia kutoka angani katikati ya bahari.

Muda mfupi baadaye akaona vilima vya kijani. Watu wakatoka nyumbani mwao, wakatazama juu na kumpungia mikono. Akatandaza ramani juu ya magoti yake, akalinganisha pwani iliyo chini na pwani iliyochorwa. Irlandi! Na katika safari ile ndefu juu ya maji alikuwa amepotoka kilometa 5 tu.